Unaponunua baiskeli, unanunua na fundi wake

Fundi alilivalisha lile tairi jipya kwenye ringi kwa vidole vitupu, bila bisibisi wala chuma chochote. Mimi niliyesimama pembeni nilishukuru kwamba kazi imekwenda upesi. Yeye alinyamaza. Aliliwekea kiganja akalizungusha: ringi ikabaki pale pale, tairi likazunguka peke yake kama bangili kwenye mkono wa mtoto. "Kaka, hili si lake," akasema. Nikamwomba ajaze upepo hivyo hivyo, maana kesho yake ilikuwa Jumatatu na mtoto alitakiwa shuleni. Alijaza taratibu. Kufika pampu ya kumi na kitu, tyubu ikaanza kuchungulia ubavuni, ikavimba, ikapasuka kwa kishindo kilichowageuza abiria waliokuwa wakisubiri gari la Newala.

Tairi lilikuwa limeandikwa 28. La zamani lililochanika kwa chupa nalo lilikuwa limeandikwa 28. Namba ni ile ile, kumbe vitu ni viwili. 28 ya baiskeli zetu kubwa za kazi, zile za bomba la juu na breki za vyuma, hukaa kwenye ringi yenye kipenyo cha milimita 635. 28 ya baiskeli za mjini, na baiskeli niliyokuwa nimeinunua ni ya aina hiyo, hukaa kwenye milimita 622; tairi jipya lilikuwa la 635. Tofauti yake ni milimita 13, haifiki upana wa kidole gumba, lakini inatosha kuilaza baiskeli ndani. Ukweli huo umeandikwa kwenye mpira wenyewe kwa herufi ndogo, 40-635 au 40-622, ila ni nani kijijini aliyewahi kufundishwa kuisoma? Muuzaji wa baiskeli niliyempata kwenye simu hakunitajia. Alikuwa Dar es Salaam. Hakuwa na sababu ya kujua kwamba siku moja ningezunguka maduka yote ninayoyajua Masasi mjini nikitafuta tairi la 622 na kurudi mikono mitupu.

Baiskeli ile haikuwa yangu. Kwetu Kusini, kwa Wamakua, Wamakonde, Wayao na Wamwera, ukoo hufuata upande wa mama, na mjomba ana wajibu kwa watoto wa dada yake ambao hawezi kumtwisha mtu mwingine. Mpwa wangu alipochaguliwa kidato cha kwanza katika shule iliyo kilometa saba kutoka nyumbani, upande wa Lulindi, dada hakuniomba baiskeli. Alinitumia tarehe ya kufungua shule, basi, nami nikaelewa.

Kwenye simu ilikuwa shilingi 230,000. Nauli ya boksi kwenye basi 20,000, bodaboda kutoka stendi 3,000. Jumla 253,000. Baiskeli ya kike iliyokuwepo dukani Masasi, nzito zaidi na ya rangi moja tu, ilikuwa 280,000. Kwa hiyo nilikuwa nimeokoa 27,000, na sikuona kosa lolote katika hesabu hiyo.

Miezi minne baadaye nilikuwa nimetoa 10,000 za fundi wa kuja kuifunga upya, 25,000 za krenki ya kulia, ule mkono unaoshika pedeli, pamoja na gia yake kubwa, 18,000 za tairi lililoagizwa Dar es Salaam na 5,000 za nauli ya tairi hilo. Hizo ni 58,000. Sijahesabu tairi lisilo lake wala tyubu iliyopasuka mbele ya abiria. Na siku tisa za shule mtoto alitembea kilometa 14 kwenda na kurudi, akitoka nyumbani kabla jua halijachomoza. Siku hizo tisa sijui niziandike kwa shilingi ngapi.

Krenki iliharibikaje? Baiskeli inayokuja kwenye boksi haijakamilika. Gurudumu la mbele limetolewa, usukani umegeuzwa, kiti na pedeli vimefungwa pembeni kwa plastiki. Kijana wa jirani, mwenye nia njema kabisa, akaja na spana. Pedeli ya kushoto ya baiskeli yoyote ina meno ya skrubu yaliyokatwa kinyume: hufungwa kwa kuzungusha kushoto, ili isijifungue yenyewe mguu unapokanyaga. Kila pedeli imegongwa herufi kwenye ncha ya chuma chake, L ya kushoto na R ya kulia. Kijana aliipeleka ya kushoto upande wa kulia. Ikagoma, akaongeza nguvu. Pedeli ni chuma, krenki ile ilikuwa ya aluminiamu, na katika mapambano ya namna hiyo aluminiamu ndiyo inayotafunwa. Nimeshaona pia baiskeli ya boksi iliyofungwa uma wa mbele ukiwa umetazama nyuma, mwenyewe akiiendesha hivyo barabarani huku akilalamika kwamba inamvuta pembeni.

Watu wanaolinganisha duka na mtandao hulinganisha bei mbili za siku moja, siku ya kununua. Naamini hapo ndipo tunapokosea, sisi wa Mtwara na Lindi hasa. Baiskeli ya kazi huku ni chombo cha miaka, na bei yake halisi hulipwa kidogo kidogo njiani, palipo na fundi au palipokosekana.

Tazama dukani kwanza. Baiskeli mpya nyingi zinazouzwa huku, za kutoka India na China, nazo hufika vipande vipande. Fremu zimefungwa pamoja, ringi zimepangwa kama sahani, spoki ziko kwenye mafungu. Anayezigeuza kuwa baiskeli ni fundi aliyekaa kwenye kigoda mlangoni mwa duka. Baiskeli ya muundo ule wa zamani wa Kiingereza ina spoki 32 gurudumu la mbele na 40 la nyuma, kwa kuwa mzigo wa keria huangukia nyuma. Spoki 40 hizo anazisuka moja moja, anazipitisha juu na chini, kisha analiinua gurudumu na kulizungusha huku amekaribisha kipande cha chaki kwenye ringi. Palipoguswa na chaki ndipo ringi inapoegemea. Analegeza upande huu, anakaza upande ule, anazungusha tena. Kazi hiyo haionekani kwenye picha ya tangazo lolote, na imo ndani ya ile 280,000.

Kuna jambo lingine ambalo hata mwenye duka hajui kwamba analiuza. Nenda kijiji chochote kuanzia Nanyumbu hadi Tandahimba, utamkuta fundi chini ya mwembe au mkorosho, hana duka wala kibao. Ana debe. Ndani ya debe mna gololi za saizi mbili tatu, koni, kota pini, vipande vya cheni, spoki zilizonyooshwa, vipande vya tyubu vya kukatia viraka. Vingi alivitoa kwenye baiskeli zilizokufa. Baiskeli ikifa kijijini haizikwi, inarithiwa na wenzake. Lakini inarithiwa na zile zinazofanana nayo tu. Ndiyo maana baiskeli kubwa ya 28, ambayo kijana wa mjini anaiona ya kizee, bado ni mali huku: spoki ikikatika saa kumi jioni, saa kumi na moja uko njiani. Ile niliyonunua mimi, nzuri, nyepesi, yenye gia na rangi ya samawati, ilikuwa baiskeli isiyo na ndugu kijijini. Ilipougua hapakuwa na wa kuitolea damu.

Anayedhani natia chumvi apande Newala. Uwanda wa Makonde una historia ndefu ya shida ya maji. Serikali ya kikoloni ilijenga mradi wa kuyapandisha kutoka bondeni Kitangari, na hadi leo penye bomba kavu madumu hutembea. Madumu manne ya lita 20 ni kilo 80 juu ya keria na ubavuni. Mwenye baiskeli anashuka mlima kwa breki na kuupanda kwa kusukuma, kifua kimelalia kiti, miguu inazama kwenye mchanga. Kwa kazi hiyo uzuri wa rangi hauna nafasi. Barabara yenyewe ya Mtwara, Newala hadi Masasi ni kilometa 210, na lami yake ilianza kwa kilometa 50 za mwanzo tu, hadi Mnivata. Palipobaki baiskeli zilikula mashimo na vumbi, na mafundi wakala jasho lao. Baiskeli iliyoundwa kwa ajili ya mtu kwenda ofisini kwenye lami haikuandaliwa kwa maisha hayo, hata kama tangazo limeandika "imara sana".

Halafu kuna fedha, na huku fedha ina msimu. Korosho huanza kuuzwa mnadani mwezi wa kumi, minada ikaendelea hadi mwisho wa mwaka na wakati mwingine kuvuka. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze Mtwara mwaka 2007, mkulima hupeleka korosho ghalani kupitia chama chake cha msingi, husubiri mnada, kisha husubiri malipo. Mwezi wa sita, wakati wa kuipulizia mikorosho salfa, ndipo baiskeli inahitajika ya kubebea dawa na bomba, lakini mfuko umekauka. Mwenye duka anayemjua mzee fulani kwa shamba lake hufungua daftari, huandika, huchukua kitangulizi, humwachia baiskeli. Mengine yatalipwa msimu ukifika. Nani kwenye simu atakufanyia hivyo? Simu inataka yote, na inataka sasa hivi.

Daftari lile huwatesa wenye maduka pia. Mwaka 2018, biashara ya korosho ilipokwama na serikali ikatangaza kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, wakulima wengi walisubiri malipo kwa miezi. Aliyewakopesha baiskeli alisubiri pamoja nao. Habari hiyo sijaiona gazetini, lakini mimi naihesabu kama sehemu ya bei. Anayekubali kukusubiri mwaka mbaya anastahili shilingi kadhaa za ziada mwaka mzuri. Na mkulima asiyepata mkopo huo anajikuta kwa watu wa kangomba, akiuza korosho kwa kipimo cha bakuli kabla ya msimu kwa bei ya kutupa, ili apate tairi mbili.

Upande wa mtandao niuseme kama ulivyo. Zamani kidogo tulikuwa na Jumia, duka kubwa la mtandaoni ambalo angalau lilikuwa na ofisi ya kulalamikia. Lilifunga shughuli zake Tanzania mwezi wa kumi na moja 2019. Leo mtu wa Nachingwea akisema amenunua mtandaoni, mara nyingi maana yake ni kwamba ameona picha Instagram au Facebook, wakaongea WhatsApp, akatuma pesa kwa simu, akaomba Mungu. Wauzaji waaminifu wapo, na huyu wangu hakuniibia: alinitumia nilichokiona. Lakini njia hiyo hiyo ndiyo wanayoipita matapeli wa "ile pesa tuma kwenye namba hii", na mnunuzi wa mbali hana namna ya kuwatofautisha hadi pesa iwe imeshatoka. Ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia, na gunia lenyewe liko kilometa mia tano na zaidi kutoka ulipo.

Tunayo Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, inayomtambua mnunuzi wa mtandaoni na kumtaka muuzaji ajieleze yeye ni nani na anauza nini. Tunayo Sheria ya Ushindani ya 2003 na Tume yake ya kulinda walaji. Naziheshimu. Ila jaribu kumshitaki mtu ambaye jina lake unalijua kwa namba ya simu tu, kwa ajili ya krenki ya 25,000, wakati nauli ya kwenda na kurudi Dar es Salaam ni zaidi ya hiyo krenki. Haki ambayo kuifuata ni ghali kuliko kilichopotea, maskini huiacha. Dukani, haki yangu ni kwamba najua anapolala mwenye duka, naye anajua kwamba shangazi yangu anauza mihogo mbele ya msikiti anakoswali. Hata asipokuwa mwema, ana sababu ya kunisikiliza.

Barabara nayo ina neno lake. Mwezi wa tano 2024, mvua za kipindi cha kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Dar es Salaam na Lindi eneo la Somanga, na kwa siku kadhaa Kusini ilikuwa kama kisiwa. Mabasi yalisimama, na mizigo ikasimama pamoja nayo. Aliyekuwa anasubiri tairi kutoka Kariakoo alisubiri, aliyekuwa na fundi mwenye debe alikwenda shamba.

Baada ya kusema yote hayo, wenye maduka wasidhani nimewapa cheti. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na maji nimeshayaonja. Msimu wa korosho ukifungua, bei hupanda ghafla bila baiskeli kubadilika hata boliti. Kuna duka moja, silitaji, lililoniuzia tyubu ya "orijino" ambayo valvu yake iling'oka wiki hiyo hiyo, na niliporudi nayo nikaambiwa bidhaa ikishatoka hairudi. Risiti huombwa mara mbili tatu kabla haijatolewa. Na wanawake na wasichana hupewa walichobakiza wanaume. Msichana wa miaka 14 anawekwa kwenye fremu ya inchi 24 yenye bomba la juu, anaambiwa atazoea. Hatazoea. Ataanguka, au mama yake atamkataza kuipanda kwa sababu ya sketi, na baiskeli itageuka kuwa ya kaka yake. Mimi nilikwenda kwenye simu kwa sababu hiyo hasa: nilitaka fremu ambayo mtoto wa kike anaweza kuipanda akiwa na sare ya shule, na dukani nilikuta moja tu.

Kwa hiyo simu ina kazi yake, na naitetea. Inampa mkulima wa Liwale bei ya Kariakoo kabla hajaingia dukani, na mnunuzi anayejua bei hadanganywi kirahisi. Inaleta kile ambacho duka halina: tairi la 622, waya wa breki wa urefu usio wa kawaida, kiti cha mtoto. Kwa anayeishi Shangani, Mtwara mjini, kwenye lami, anayeendesha jioni kwa ajili ya afya yake, na mwenye pesa ya kusubiri, baiskeli ya mtandaoni haina ubaya mkubwa. Ajue tu anachonunua. Aombe picha ya ubavu wa tairi, si picha ya baiskeli nzima iliyoegemezwa ukutani. Asome namba ile ya mwisho. Baiskeli za mtumba kutoka Japani zenye 26 x 1 3/8 hukaa kwenye milimita 590, za milimani za 26 hukaa kwenye 559, na zote mbili utaambiwa ni "26". Kisha aende na namba hiyo kwa fundi wake kabla hajatuma pesa na kumwuliza swali moja: hili likipasuka, unalo? Fundi akitikisa kichwa, bei ya tangazo haijakamilika.

Mtumba unaouzwa hapa hapa ni habari tofauti, sitauingilia sana. Huko unanunua baiskeli unayoiona, unayoipanda, unayoisikiliza, na fundi wako anaweza kwenda nawe.

Ninachowaomba wenye maduka wa Masasi, Mtwara, Lindi na Nachingwea si kikubwa. Wengi wana WhatsApp, wanaitumia kutuma picha za harusi. Watume na bei. Mtu wa Chiungutwa asilipe nauli ili aje kuulizia tu. Waandike kwenye risiti kwamba baiskeli ikirudi ndani ya mwezi itakazwa spoki na kurekebishwa breki bure, maana fundi yupo pale pale mlangoni na kazi hiyo ni ya nusu saa. Walete matairi ya 622 mawili na ya 590 mawili, watundike juu ya mlango, wale wote tuliokosea kwenye simu tutawafuata. Na walete fremu za wasichana. Shule za kata zimejaa wasichana wanaotembea kilometa sita, saba, nane, na wajomba wao wana pesa ya korosho mfukoni mwezi wa kumi na mbili.

Mwaka huu mdogo wake na yule binti naye ameanza kidato cha kwanza. Nilinunua mwezi wa kumi na moja, dukani, baada ya malipo ya mnada wa pili. Bei ilikuwa imeshaongezwa kwa sababu ya msimu na nililisema hilo waziwazi, tukavutana hadi ikashuka. Kijana nilikwenda naye. Fundi alimsimamisha juu ya fremu, akatazama miguu inagusaje chini, akashusha kiti kwa vidole viwili, akamwambia, "Mdogo wangu, rudi baada ya wiki mbili, spoki mpya hulegea." Nilidhani ni maneno ya kuagana.

Baada ya wiki mbili tulirudi. Aliigeuza baiskeli kichwa chini, ikasimama kwa kiti na usukani. Akawa anazigusa spoki moja moja kwa kucha, kama mpiga zeze anayetafuta sauti, huku gurudumu likizunguka polepole. Ting, ting, ting, kisha moja ikatoa sauti nzito, iliyozimika. Akasimamisha gurudumu, akaikaza robo mzunguko, akaigusa tena. Kisha akampa kijana spana ndogo ya spoki, akamwambia atafute inayofuata kwa sikio lake mwenyewe.